Santuri ya Frank na Kaseti ya Mjomba

Mjomba wangu hakuwahi kuingia studio hata siku moja. Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma, nyumbani kwake upande wa Mlalo: dirisha limezibwa kwa blanketi, kuku wamefukuzwa uani, redio kaseti ya betri sita imekaa juu ya kigoda. Anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, anahesabu kwa mguu, halafu gitaa linaingia. Alifanya hivyo miaka ya 1980 na 1990, peke yake, bila bendi na bila mtu wa kumlipa. Kaseti zilikuwa saba. Imebaki moja, na hiyo moja ina upande mmoja tu wa kwake. Nitaeleza kwa nini.

Lakini kwanza nimzungumzie mzee mwingine, maana bila yeye nisingeishika kalamu. Frank Humplick alizaliwa Moshi mwaka 1927, mama Mchaga, baba Mzungu. Alipiga gitaa kavu na kuimba pamoja na dada zake wawili, Thecla na Maria. Wakajulikana kama Frank na Dada Zake. Hawakutegemea tarumbeta za kutikisa ukumbi. Ni gitaa na sauti zilizozoeana, muziki wa sebuleni hasa. Miaka ya 1950 nyimbo zao zilitoka kwenye santuri, na wimbo mmoja watu waliupokea kama wimbo wa kudai uhuru, wakati ule TANU, iliyozaliwa 1954, ilipokuwa inapita mijini na vijijini kutafuta wanachama. Serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku. Hebu fikiria, dola nzima inaogopa gitaa moja na wadada wawili!

Basi mzee huyu uzeeni aliishi Lushoto, na hapa hapa Lushoto akafariki mwaka 2007. Mimi nilikuwa mtoto wa chekechea. Pengine tulipishana naye njiani, mimi nimeshikwa mkono na mama. Nimemjua juzi tu, kwenye simu ya rafiki yangu, kwa sababu kuna watu wa ng'ambo waliozitoa upya zile nyimbo za zamani. Niliona aibu, halafu nikacheka. Jirani yangu nimekuja kutambulishwa na mgeni.

Sasa, kilichomfanya asikike hadi leo ni nini? Kipaji, sawa. Ila kipaji hata mjomba alikuwa nacho, na hapa sisemi kwa undugu. Enzi zile kurekodiwa kulikuja kwa gari. Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa na makao yake Afrika Kusini, alizunguka nchi hizi na mashine zake na jenereta, akafika Tanganyika mwaka 1950. Mwaka 1952 alikuwa Jadotville, Kongo, mji ambao leo unaitwa Likasi. Huko akakutana na kijana anatembea barabarani na gitaa. Kijana yule ni Mwenda Jean Bosco, na wimbo wake "Masanga" wapiga gitaa wa Ulaya wanahangaika kujifunza mpaka leo. Je, angepita uchochoro mwingine siku ile?

Na mashine nayo ilikuwa na amri zake. Santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja unabeba dakika tatu hivi. Wimbo unakatwa utoshee. Kaseti ya dakika 60 ilimpa mjomba nusu saa kila upande, ndiyo maana anakohoa, anamkemea mbuzi, anarudia ubeti alioupenda. Kwa masikio yangu hiyo ndiyo raha yake.

Baada ya uhuru mambo hayakuwa rahisi kwa mtu mmoja na gitaa lake. Studio ya kutegemea ilikuwa ya Radio Tanzania, Dar es Salaam, na kiwanda cha kuchapa santuri nchini hakikuwepo. Kanda zilivuka mpaka kwenda Nairobi. Bendi za Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zilikuwa na watu wa kuhangaikia hayo. Mtu wa Mlalo ateremke Lushoto, Soni, Mombo, kisha ashike njia ya Dar, na galatoni ambalo uzi wake mmoja ni waya wa breki ya baiskeli? (Galatoni, kwa wasiojua, ni jina la magitaa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Hata John Lennon wa Beatles alianzia hilo hilo.) Kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, ilipofika milimani ndiyo kwanza mtu kama yeye akapata mlango.

Mlango huo mimi niliufunga. Nilikuwa darasa la nne, nataka kunasa Bongo Fleva redioni. Mjomba alishavunja vile vipande vidogo vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili isifutike. Nilijua maana yake. Nikaziba tundu kwa karatasi ya daftari, nikabonyeza.

Aliposikiliza hakunipiga. Alisema, "Mjomba, hapo palikuwa na wimbo wa harusi ya mama yako." (Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo.) Zile kaseti sita nyingine zilikuja kuliwa na ukungu, na ukungu wa Usambara mnaujua. Naye sasa hayupo.

Mwaka jana fundi redio mmoja alinisaidia kuuhamishia kwenye simu upande uliobaki. Kuna nyimbo tano, tatu za Kishambaa na mbili za Kiswahili. Nimezisikiliza mara nyingi, zaidi nikishindwa kuandika riwaya yangu. Wa tano haufiki mwisho. Dakika ya 27 uzi unakatika, mnasikia kabisa, ta! Mjomba anacheka, anamwambia mtu aliye mlangoni asiingie bado, halafu anasema kwa Kishambaa kwamba huu atauimba tena wote, upande wa pili.