Watu wa Ruwenzori: mlima wao, majina yao na njia ya kuja kwetu Tshopo

Hapa Yangambi hatuna mlima. Tuna mto, msitu, na kile kilima cha kupandia kutoka bandarini ambacho wageni wanakiita mlima kwa sababu ya uchovu wa safari. Lakini mwaka huu daftari la washirika wa kanisa letu lina akina Kambale wanne, Kasereka watatu na Mumbere wawili. Mzee mmoja wa kanisa alilisoma, akavua miwani yake na kuniuliza: «Papa Pasta, hawa wote ni wa baba mmoja?»

Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kucheka. Watu kutoka Beni, Lubero na Butembo wanaishi kati yetu, wanaimba pamoja nasi, wanazika pamoja nasi, na bado tunawaita tu «watu wa Beni», mara nyingine kwa sauti isiyo nzuri. Mimi ni mtoto wa mto, lakini nilisoma teolojia pamoja na Wanande, nikakaa nao chumba kimoja. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa kila mzee wa kanisa katika Tshopo ayajue.

Tuanze na mlima wenyewe. Ruwenzori uko mpakani mwa nchi yetu na Uganda, una urefu wa karibu kilomita 120 kutoka kaskazini hadi kusini. Si volkano kama Nyiragongo. Ni jiwe kubwa la zamani lililosukumwa juu wakati bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109, na katika Afrika kinapitwa na Kilimanjaro na Mlima Kenya tu. Stanley aliuona mwaka 1888. Mwaka 1906 mwanamfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alifika kileleni na kukipa jina la malkia wa kwao. Wenyeji hawakuulizwa. Wao walikuwa na jina lao, Rwenzururu, maana yake mahali pa theluji. Theluji hiyo inakwisha: mwaka 1906 barafu ilifunika karibu kilomita 7 za mraba, leo haifiki hata 1.

Wanaokaa kwenye miteremko yake upande wa Congo wanaitwa Wanande, upande wa Uganda wanaitwa Wakonzo. Wenyewe wanajua kwamba ni taifa moja, Bayira, na lugha yao ni moja yenye tofauti ndogo. Mapokeo yao yanasema mababu walitoka Kitara, mashariki, wakavuka mto Semliki na kupanda milima hadi Lubero, wakiwakuta huko watu wa msitu: Wapere, Wambuba, Wambuti. Ndiyo sababu si sahihi kusema kila mtu wa Beni ni Mnande. Muulize mtu kabla ya kumwandika.

Mwaka 1910 Wazungu walikubaliana mpaka, na mstari ukapita juu ya theluji. Ndugu wakawa raia wa serikali mbili. Upande wa Uganda, Wakonzo waliwekwa chini ya ufalme wa Toro, na hawakukubali. Mwaka 1962 mwalimu Isaya Mukirane aliongoza watu mlimani na kutangaza utawala wao wenyewe, Rwenzururu. Alikufa mwaka 1966, mtoto wake Charles Mumbere akaendelea, silaha zikawekwa chini mwaka 1982, na serikali ya Uganda ikautambua ufalme huo mwaka 2009. Novemba 2016 jeshi lilishambulia ikulu yake huko Kasese na zaidi ya watu 100 waliuawa. Upande wetu Wanande hawakuwa na mfalme mmoja. Kila eneo lina mwami wake: Bashu, Baswagha, Batangi, Bamate.

Sasa nirudi kwa swali la mzee wetu, maana jibu lake linafungua mambo mengi. Kwa Wanande jina la kwanza la mtoto halichaguliwi. Linafuata nafasi yake kwa mama. Mtoto wa kiume wa kwanza ni Mumbere au Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Wasichana nao wana mfululizo wao. Na akizaliwa wa kiume baada ya wa kike, au wa kike baada ya wa kiume, anaweza kuitwa Muhindo au Kahindo, yaani aliyegeuza. Kwa hiyo akina Kambale wetu wanne si ndugu wa tumbo moja. Kila mmoja ni kijana wa pili wa mama yake. Mkonzo wa Kasese akisikia Kambale anamtambua Bwambale wake, na mpaka wa 1910 haukuweza kufuta hilo.

Kuhusu imani, wazee wao waliheshimu Kitasamba, roho waliyesema anakaa katika theluji, na wakulima na wawindaji walimwogopa. Lakini juu ya hayo yote walimjua Nyamuhanga, Muumba. Waliotafsiri Biblia kwa Kinande walichukua jina hili la pili na kumwacha Kitasamba juu mlimani. Naona walifanya vizuri, ingawa rafiki yangu wa chuoni alisema bibi yake, mkristo wa miaka mingi, hakuwahi kunyoosha kidole kuelekea kilele.

Injili ilifika kandokando ya mlima kupitia Mwafrika. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka Semliki na kufika Mboga mwaka 1896, akapigwa, akafungwa, akarudi. Alikufa huko mwaka 1933, na aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, yaani upande wetu. Mwaka 1934 daktari Carl Becker alianza kazi Oicha, na hospitali yake ikajulikana hasa kwa matunzo ya wenye ukoma. Wabaptisti nao walifanya kazi Katwa, karibu na Butembo.

Watu hawa ni wakulima wa mteremko na pia wachuuzi tangu zamani. Kabla ya Wazungu, chumvi ya Katwe ilibebwa kichwani kutoka ziwani hadi msituni. Wajukuu wa wabebaji hao ndio walioijenga Butembo, mji wa biashara ambao wafanyabiashara wake, wengi wao washirika wa makanisa ya Kiprotestanti, walifika mpaka Dubai na China bila msaada wa serikali. Juu wanalima maharagi, viazi, ngano na kahawa ya arabika. Chini walilima robusta, hata ugonjwa wa kunyausha mibuni ukaimaliza, nao wakageukia kakao. Ugonjwa huo tunaujua hapa: watafiti wa INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933, waliushughulikia Yangambi wakati wa wakoloni wakitafuta mibuni inayouvumilia.

Kwa nini basi wanaondoka? Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamezunguka Beni, Oicha, Eringeti, na baadaye miteremko ya Ruwenzori yenyewe. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola iliua zaidi ya watu 2,200 katika maeneo hayo na Ituri. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa huko Kasindi, chini ya mlima, watu wakiwa katika ibada ya ubatizo. Barabara ya taifa nambari 4 inaanza hapo Kasindi, inapita Beni, Komanda, Mambasa, Niania na Bafwasende, na kufika Kisangani. Anayekimbia anafuata barabara.

Lakini si wote wanakimbia. Wengine wanakuja na fedha kutafuta msitu wa kupanda kakao, na hapa lazima niseme upande wa pili. Hofu ya Waturumbu si ya bure. Ardhi yetu imebanwa kati ya shamba la utafiti la serikali, hifadhi iliyotambuliwa na UNESCO tangu mwaka 1976, na mto. Kijana mmoja akiuza msitu wa ukoo bila wazee kujua, mnunuzi ana karatasi na ukoo una hasira. Nimewaambia washirika wetu wageni wazi: hata kama karatasi ina muhuri, nenda kwanza kwa mkuu wa ukoo, mchana, mbele ya mashahidi. Na wenyeji nimewaambia kwamba anayeuza kwa siri ni mtoto wetu, si mgeni.

Jumapili iliyopita mama mmoja wa Lubero alipika bundu ya mihogo, na mama wa Kilokele akaleta samaki. Mzee wetu alikula sahani mbili. Kisha alifungua tena daftari, akachora mstari mpya, na sasa kabla ya kuandika Kambale yeyote anauliza kwanza jina la mama yake.