Majarida ya Wanafunzi, Kutoka Kiungani Hadi Mlimani

Katika mwaka 1888, Sayyid Khalifa bin Said akiwa ndiyo kwanza amekalia kiti cha enzi cha marehemu nduguye Sayyid Barghash, vijana wa chuo cha Mtakatifu Andrea, kilichokuwako Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja, walianza kutoa gazeti lililoitwa Msimulizi. Chuo kile asili yake ilikuwa makao ya watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, ambao makwao kulikuwa Unyasa, Uyao, Umakua na nchi nyingine za bara, wakaja pwani kwa nguvu ya minyororo, wakajifunza Kiswahili ugenini. Na lugha hiyo iliyopokewa katika msiba ndiyo iliyoandikiwa gazeti ambalo aghalabu huhesabiwa kuwa la kwanza la Kiswahili katika Afrika ya Mashariki. Nalitanguliza jambo hili kwa makusudi, kwa sababu wapo wadhanio kwamba jarida la wanafunzi ni mchezo wa kupitishia likizo, ilhali historia ya maandishi yetu, ukiifuata nyuma hata chemchemi yake, hukufikisha mara nyingi kwenye meza ya wanafunzi wenye wino vidoleni.

Misheni ya Vyuo Vikuu, ndiyo yenye chuo hicho, iliyofika Unguja mwaka 1864 ikiongozwa na Askofu Tozer na Dakta Edward Steere, ilikuwa na mtambo wake wa chapa, na vijana wa Kiungani walifundishwa kuutumia kama wenzao walivyofundishwa useremala na uashi. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha risasi, sura yake imegeuzwa kinyume kama mtu ajionavyo katika kioo. Mpangaji huvitoa vipande hivyo kimoja kimoja kutoka vyumba vya sanduku, akavipanga mstari kwa mstari, na akikosea hana budi kukitoa kipande kilichokosewa na kuusawazisha mstari mzima upya. Kijana aliyelipanga neno ‘nyumbani’ kwa namna hiyo, herufi nane, ilhali yeye mwenyewe nyumbani kwao hapajui tena njia yake, bila shaka alilishika neno hilo kwa uzito ambao sisi tunaolisoma kwa haraka hatuujui. Humo gazetini zilipita habari za vituo vya bara na barua za waliokwisha kuhitimu. Nami ningependa kuamini kwamba barua zile zilisomwa Kiungani kama watu wa nyumba moja wasomavyo barua ya ndugu aliye safarini.

Walakini mtambo ulikuwa wa misheni, na mwenye mtambo ndiye mwenye neno la mwisho. Hali ilikuwa hiyo hiyo Tanga, ambako shule ya serikali ya Wadachi ilikuwa na kiwanda chake cha chapa, na gazeti la Kiongozi likatoka shuleni hapo tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipolizima. Vijana walipata ufundi na walipata kusomwa. Idhini ya kusema waliyoyataka haikuwamo katika fungu lao.

Kilicholeta badiliko ni chombo kidogo, cha kuwekwa juu ya meza, ambacho bei yake shule au idara ya kawaida iliweza kuimudu. David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia London, alipata hataza yake mwaka 1881 kwa ufundi wa kutoboa karatasi ya nta ili wino upite katika matundu yake. Na kule Chicago, Albert Blake Dick, akiufuata ugunduzi wa Edison, aliuza mashine ya namna hiyo tangu mwaka 1887. Makarani wa serikali na wa makampuni ndio waliokusudiwa. Lakini vijana waliiona, wakaitamani. Mwaka 1930, vijana wa Chicago waliopenda hadithi za sayansi walirudufu jarida lao liitwalo The Comet, na majarida ya jinsi hiyo, yatengenezwayo na wapenzi wa jambo kwa ajili ya wapenzi wenzao, yakapewa mwaka 1940 jina ambalo limefupishwa likabaki zine. Vijana wa Ulaya na Marekani wangali wanayatengeneza hata leo, hasa katika likizo ndefu ya kiangazi: karatasi moja hukunjwa mara tatu, hukatwa katikati, ikawa kijitabu cha kurasa 8 kisichohitaji hata pini. Ni kazi nzuri, nami naiheshimu. Hata hivyo moyo wangu hurejea kwetu, kwa kuwa huku chombo kile kile kilizaa mambo makubwa kuliko ukubwa wake.

Aliyepita shule ya sekondari kabla ya kompyuta huijua mashine ya kurudufu kwa harufu kabla ya jina. Mimi katika ujana wangu nilipata kupewa kazi ya kuuzungusha mkono wake, nikajiona mtu mwenye cheo. Kwanza stensili, yaani ile karatasi ya nta, hutiwa katika taipureta, na utepe wa wino huondolewa ili meno ya herufi yaikate nta yenyewe; mpigaji hodari hupiga kwa nguvu iliyo sawa, maana akizidisha, tumbo la herufi ‘o’ hutoboka likadondoka, na kila ‘o’ katika ukurasa itatoka kama doa jeusi. Kosa likitokea, hupakwa dawa maalumu ya rangi nyekundu, yenye harufu kali ya kupanda kichwani, nayo hupulizwa mpaka ikauke ndipo herufi sahihi ipigwe juu yake. Kisha stensili hutandazwa juu ya pipa la mashine, mikunjo ikisawazishwa kwa kiganja, wino ukatiwa, mkono ukazungushwa, na kurasa zikaanza kuanguka moja juu ya moja zingali mbichi. Baada ya nakala mia kadhaa nta huanza kuchanika, na maneno ya pembeni yakafifia. Zikiisha kukauka, kurasa hupangwa mafungu mafungu kuizunguka meza ndefu, na watengenezaji huandamana kuizunguka meza hiyo kama watu walio katika ngoma ya duara, kila mmoja akichukua karatasi kutoka kila fungu, mpaka afike kwa mwenye stepla. Usiku wa kazi hiyo hakuna mhariri wala mwandishi; wote ni watembezi wa meza.

Mwaka 1958, katika idara ya Kiingereza ya chuo cha Makerere, lilianzishwa jarida dogo la Penpoint. Mwanafunzi mmoja kutoka Limuru, ambaye wakati huo jina lake lilikuwa James Ngugi, amesimulia jinsi alivyokutana na Jonathan Kariara, mwanafunzi aliyemtangulia na aliyekuwa akishughulika na jarida hilo, akajikuta amemwambia kwamba ameandika hadithi na angependa aitazame. Hakuwa ameandika hata mstari. Kwa kuwa ulimi ulikwisha kutangulia, ilimlazimu aende kuiandika kweli, na hadithi hiyo ya mti wa mugumo ikatoka katika Penpoint mwaka 1960. Nayapenda sana masimulizi haya, maana yanatuonyesha kwamba jarida lililo karibu, la watu unaopishana nao njiani, humtoa mtu hadithi ambayo mhariri wa mji wa mbali asingeweza kumtoa hata kwa ahadi ya fedha. David Cook, mwalimu wa hapo, alikusanya maandishi ya vijana wale katika kitabu kilichotolewa mwaka 1965 na Heinemann, na ulimwengu ukaanza kuyasoma. Lakini ulimwengu ulikuwa msomaji wa pili.

Sasa nafika Mlimani, mahali ambapo nimekusudia kukaa zaidi.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU mjini, kikahamia kilimani, ndipo paitwapo Mlimani, mwaka 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Wanafunzi wapenda fasihi walikuwa na jarida lao la Darlite tangu mwaka 1966. Lakini miaka ile ilikuwa miaka ya moto: Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, vyama vya ukombozi vya kusini vilikuwa na ofisi zao mjini Dar es Salaam, na wanafunzi waliotoka nchi mbalimbali walikuwa wameunda chama chao cha mapinduzi, USARF, ambacho mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni. Chama hicho, pamoja na vijana wa TANU wa hapo chuoni, ndicho kilichotoa Novemba 1969 jarida lililopigwa stensili, lenye jina la Cheche. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati, pamoja na Henry Mapolu na Zakia Meghji. Jina walilirithi kutoka katika majarida mawili: Iskra la Lenin, na The Spark lililotolewa Ghana katika zama za Nkrumah, na maana ya yote matatu ni moja.

Kazi yote ilikuwa ya kujitolea. Walioandika makala ndio waliotafuta karatasi, ndio waliozipanga kurasa, ndio waliolibeba jarida kwapani na kuliuza. Katika toleo la kwanza aliandika Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyekuwa akifundisha hapo, juu ya kazi na wafanyakazi wa Afrika chini ya ubepari. Miaka mitatu baadaye alitoa kitabu chake mashuhuri juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Na Septemba 1970, Cheche lilitoa toleo maalumu lenye insha moja ndefu ya Issa Shivji, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amehitimu sheria, akidai kwamba ndani ya Tanzania ya ujamaa lilikuwamo pambano la matabaka lililo kimya, na kwamba kutaifisha mabenki na viwanda hakukuuondoa mkono wa mabepari wa nje. Nakuomba msomaji ulipime jambo hili. Makala hiyo, iliyotoka katika nta na wino wa kunata vidole, ilichapwa tena Ulaya mwaka uliofuata, na katika mwaka 1973 shirika la uchapishaji la Tanzania likaitoa kwa sura ya kitabu pamoja na maoni ya wanazuoni wengine. Ukitafuta mwanzo wa mjadala mzima uliokijengea chuo cha Mlimani sifa duniani, sehemu kubwa yake utaikuta imebanwa kwa pini mbili pembeni.

Ninayo huzuni moja juu ya Cheche, nayo siifichi. Jina lilikuwa la Kiswahili, lakini maandishi yake takriban yote yalikuwa ya Kiingereza, hivi kwamba mfanyakazi wa bandarini, aliyetetewa humo kwa ghera kubwa, asingeweza kuisoma hata sahifa moja ya utetezi wake. Vijana wa Kiungani, pamoja na dhiki zao na pamoja na askofu juu ya vichwa vyao, waliandika katika lugha ambayo baharia na mchuuzi wangeielewa wakisomewa. Laiti wale wa Mlimani wangalichukua jambo hilo moja kwa wale wa Kiungani, huenda cheche ingaliruka mbali zaidi ya miembe ya chuo.

Novemba 1970 ilikuja amri ya serikali: USARF kivunjwe, na Cheche lisitoke tena. Sababu zilizotolewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha kwa kazi hiyo, na kwamba jina la jarida liliashiria kana kwamba Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi. Naandika kwa staha, kwa kuwa waliotoa amri walikuwa na taifa changa la kulinda, lakini hukumu yangu ni kwamba walikosea. Jarida lililoandikwa na vijana wanaoamini Azimio kuliko makarani waliokabidhiwa kulitekeleza lilistahili kujibiwa kwa hoja. Wahariri walitii, wakaandika neno la kuaga, wakafunga. Mwaka 1971 vijana wa TANU wa chuoni walianza jarida jingine, wakaliita MajiMaji, kwa kumbukumbu ya vita vya mwaka 1905 hadi 1907, jina ambalo hapana mtu angeweza kudai kuwa limeagizwa kutoka Urusi; na kazi ya stensili ikaendelea.

Yapata miaka 40 baadaye, Hirji aliwakusanya wenzake wakaandika kitabu cha kumbukumbu za Cheche, kikatolewa na Mkuki na Nyota hapo hapo Dar es Salaam. Ni hidaya kubwa, maana jarida la stensili lina adui ambaye vitabu vyenye jalada gumu havimwogopi sana: karatasi yake ni hafifu, hunywa unyevu wa pwani, hugeuka rangi ya majani makavu, na pini zake za chuma hupata kutu zikaila sahifa kutoka pembeni kuelekea katikati. Nimepata kuishika nakala moja ya jarida la shule la miaka ile, ambayo ilipofunguliwa iliniachia viganjani vumbi la kahawia, na nusu ya shairi la mtu ambaye jina lake lilikuwa limekwenda na ile nusu nyingine.

Wengi waliozizunguka meza zile wangali hai, na nyumbani mwao mna masanduku ambayo hayajafunguliwa tangu wahamie. Ewe uliyesoma Mlimani, Makerere, Nairobi au katika shule yoyote iliyokuwa na mashine ya kurudufu na walimu waliowaacha vijana waitumie, fungua sanduku lako. Ukikuta jarida, hata kama limechakaa, hata kama ni toleo moja lisilo na jalada, toa pini zake taratibu, litie katika bahasha kavu, andika juu yake mwaka na majina ya wenzako unaowakumbuka, ulipeleke maktaba ya chuo kilicho karibu nawe kabla ya masika.