Ndjingala: biashara njo ilipandisha bei ya parsele

Wasomi wenzangu, bei ya parsele nayo ni historia. Kule Walikale, karibu 2002, watu walianza kuchimba kasiterite Bisie. Mizigo ilibebwa mgongoni, kupita pori mpaka Ndjingala. Halafu ndege zilitua kwa barabara ya lami, pale Kilambo, kuipeleka Goma. Butiki, depo na nganda zikaota kandokando ya njia. Mashamba yakakatwa parsele. Septemba 2010 serikali ikafunga uchimbaji mpaka Machi 2011: wachimbaji wengi wakaondoka, na wapangaji njo hao hao. Miye wa kilimo nasema: butiki inafungwa siku moja, lakini udongo uliojengwa haurudi shamba haraka. Kabla ya kuuza shamba la mzee, tuulize: hii biashara itadumu?