Shabu, Jiwe la Kinyozi

Katika vibanda vya vinyozi vya Hewa Bora, jijini Lubumbashi, mashine ya umeme imekwisha kutwaa utawala wa kichwa, lakini kidevu na ukingo wa nywele vingali milki ya wembe. Na wembe ukipita karibu mno na ngozi, kikachomoza kitone cha damu, kinyozi hutwaa kipande cheupe cha shabu, akakilowesha maji, akakipitisha taratibu juu ya jeraha, mteja akakunja uso kwa mwasho, na damu ikakatika.

Nasaba ya jiwe hilo ni ndefu. Tabibu wa Kiyunani, Dioscorides, aliisifu shabu katika karne ya 1 kuwa dawa ya kukaza mwili na kuzuia damu. Walakini Pliny, Mrumi wa zama zizo hizo, asimulia kwamba damu ya majeraha ya kinyozi ilizuiwa kwa utando wa buibui. Walioitamani shabu kuliko vinyozi wote ni watia rangi wa nguo, kwani bila hiyo rangi haishiki barabara katika sufu. Katika dola ya Kiayubi ya Misri biashara ya shabu ilikuwa mikononi mwa serikali, ikiteremshwa kwa Mto Nile mpaka Iskandaria, na huko Wafaranji wakainunua. Waturuki walipoyateka machimbo ya shabu ya Phocaea, huko Anatolia, mwaka 1455, Wakristo wa Ulaya walishikwa na fadhaa, hata ilipogunduliwa nyingine huko Tolfa, karibu na Roma, yapata mwaka 1461, Papa Pius wa Pili akaiona kuwa ni fedha ya kuwapigia vita Waturuki hao hao. Ni ajabu kwamba madini yaliyokusudiwa kugharimia vita vya Papa sasa yakaa kwenye kisahani kando ya kitana.

Wembe nao una nasaba yake. Reli ya kutoka Rhodesia ilipofika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, wembe wa zamani wa kukunja, unaonolewa kwa ukanda wa ngozi, ulikuwa tayari umepata hasimu: Mmarekani King Gillette alikwisha kuanza mwaka 1903 kuuza nyembe nyembamba za kutupwa, ingawa mwaka ule aliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu. Vinyozi wakafanya suluhu ya busara, wakavunja wembe wa kutupwa nusu kwa nusu na kuupachika katika mpini wa kukunja, hivyo mkono ukabaki na ustadi wake wa kale.

Tangu ukimwi ulipojulikana katika miaka ya 1980, wateja wengi hutaka wembe ufunguliwe mbele ya macho yao. Lakini shabu, iwezayo kubeba damu yenye maambukizi kama wembe, hupita uso hata uso bila kuulizwa. Shabu ni chumvi ya aluminiamu na potasiamu, hugandisha protini za damu na kubana ngozi. Si ya kutegemewa kusafisha jeraha kama vinyozi wengi wanavyodai, na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi siku 7 au zaidi juu ya kitu kikavu. Kinyozi mwangalifu huisaga shabu yake, akachota unga kidogo kwa pamba iliyoloweshwa, kisha pamba hiyo na nusu ya wembe vyote vikatupwa kabla mteja wa pili hajaketi.