Mimea inayokula wadudu: Kwa nini hutegemea jua kuliko windo?

Juu ya miamba ya granaiti katika visiwa vya Mahé na Silhouette, nchini Ushelisheli, huota mmea ambao kiasili haupatikani mahali pengine duniani. Jina lake la kitaalamu ni Nepenthes pervillei. Ncha za majani yake hurefuka na kuwa mitungi midogo yenye majimaji, ambamo wadudu huteleza, huzama na kumeng'enywa.

Wengi hudhani kwamba mmea wa namna hiyo huishi kwa nyama. Sivyo. Kama ulivyo mhindi au mwembe, mmea huo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mdudu kwake ni mbolea.

Jani moja, kazi mbili

Sehemu bapa ya jani hunasa mwanga na, kwa njia ya usanisinuru, hugeuza maji na hewa ya kaboni dioksaidi kuwa sukari. Sukari hiyo ndiyo inayojenga shina, mizizi na mitungi yenyewe.

Kinachokosekana mwambani ni naitrojeni na fosforasi, kwa kuwa udongo ni haba na mvua huichukua rutuba yake. Madini hayo hupatikana katika miili ya wadudu. Naitrojeni, hasa, huhitajika katika kuunda umbijani, yaani rangi ya kijani inayonasa mwanga. Hivyo windo huliwezesha jani kulitumia jua vizuri zaidi.

Mtego wenye gharama

Mtungi, hata hivyo, hutumia sukari nyingi kuliko unavyozalisha, kwa maana uwezo wake wa usanisinuru ni mdogo ukilinganishwa na wa jani bapa. Mwaka 1984, mtaalamu wa mimea wa Marekani Thomas Givnish na wenzake walieleza kwamba kula wadudu huwa na faida pale tu penye mwanga na maji tele lakini rutuba haba. Kivulini, gharama huishinda faida. Ndiyo sababu mimea ya jamii ya Nepenthes inapofunikwa na kivuli kizito hutoa mitungi michache, au huacha kabisa kuitoa.

Joto nalo lina nafasi yake. Vimeng'enya vinavyosaga windo hufanya kazi haraka zaidi katika hali ya joto, ilimradi lisizidi kiasi. Lakini joto lisiloandamana na unyevu hudhuru: mitungi hunyauka na kukauka.

Nchini Madagaska, Nepenthes madagascariensis hustawi katika maeneo ya majimaji ya pwani ya mashariki, penye joto na mvua nyingi. Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana huko, aliueleza mmea huo katika kitabu chake cha mwaka 1658.

Hatari ya kivuli

Kwa hiyo, mmea huu waweza kudhurika hata bila kung'olewa. Huko Mahé, midalasini iliyoletwa katika karne ya 18 imeenea na kutawala sehemu kubwa ya misitu. Miamba iliyo wazi, ambako mizizi ya miti mikubwa hukosa pa kushika, imebaki kuwa kimbilio la mimea ya asili inayohitaji mwanga. Biashara ya kimataifa ya mimea yote ya jamii ya Nepenthes inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Afrika bara haina Nepenthes za asili. Hata hivyo, Tanzania na Uganda zina Drosera, mmea mdogo wa sehemu za majimaji unaonasa wadudu kwa matone ya ute yaliyo kwenye vinyweleo vya majani yake. Nao huhitaji jua la wazi na ardhi yenye unyevu, hivyo bwawa likikaushwa kwa ajili ya kilimo, au likimezwa na vichaka, hutoweka mahali hapo.