Historia ya Barabara ya Iringa na Mbeya

Nyumba nyingi za pwani zina jamaa aliyewahi kushika usukani, au kuwa utingo, katika njia ya Mbeya. Akirudi husimulia baridi ya Mafinga na kona za Kitonga, nasi humsikiliza huku tukimmiminia kahawa. Lakini njia yenyewe imetoka wapi? Ni wachache waulizao.

Kabla ya magari, misafara ya pwani ilipanda mpaka Usangu kwa Merere kununua pembe za ndovu. Tuseme kweli, ilinunua na watu pia. Wala jambo hilo halifai kufunikwa eti kwa kuwa baadhi ya wenye misafara walikuwa wazee wetu. Wajerumani nao walipokuja, Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliwashinda pale Lugalo, upande wa mashariki wa Iringa, tarehe 17 Agosti 1891. Hawakumshika kamwe, alijiua mwaka 1898. Katika vita vya 1914 hadi 1918, mizigo ya majeshi ilipita nchi hizi vichwani mwa wachukuzi, na wengi wao waliuawa na maradhi, si risasi.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika, ndoto yao ya kale ya njia moja kutoka Cape Town hadi Cairo ilipata kiungo kilichokosekana. Wakaiita Barabara Kuu ya Kaskazini. Iliingia Tunduma, ikapita Mbeya, Makambako na Iringa, ikateremka Dodoma, kisha ikashika Arusha hadi Namanga. Jina kubwa, njia nyembamba: kiangazi vumbi, masika tope.

Ikaja tarehe 11 Novemba 1965. Walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao, na kabla ya mwaka kwisha Zambia, nchi isiyo na bahari, ikawa imekatikiwa na mafuta yaliyokuwa yakipitia huko. Mlango uliobaki ulikuwa Dar es Salaam. Mapipa yakapakiwa malorini, yakapita Morogoro, yakapanda Kitonga, Iringa, Mbeya mpaka Tunduma, kiasi cha kilomita 930, na sehemu kubwa ya njia haikuwa na lami. Kurudi, lori lilibeba shaba. Mvua ikinyesha magari yalizama matopeni siku kadha wa kadha. Mengine yalitumbukia mabondeni pamoja na watu wake. Wageni wakaiita Njia ya Jehanamu. Jina hilo hatulipendi, maana Jehanamu si neno la kuchezewa, lakini waliolitoa walikuwa wameona mambo.

Basi njia iliyotamaniwa ili kuunganisha himaya ya wakoloni ndiyo iliyoilisha nchi huru iliyobanwa na walowezi.

Bomba la mafuta la TAZAMA likafunguliwa mwaka 1968. Lami, kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia, ikafika Tunduma katika miaka ya 1970. Na reli ya TAZARA, waliyoijenga Wachina pamoja na wananchi wa nchi mbili hizi, ikakabidhiwa mwaka 1976. Reli na barabara hukutana Makambako.

Lugalo pana mnara kando ya barabara. Fuvu la Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954, limehifadhiwa Kalenga, na watu huenda kulizuru. Madereva wa 1966 ambao hawakurudi hutajwa majumbani mwao, siku ya khitma.