Dhuoda: Mama Aliyemlea Mwanawe kwa Kalamu

Mwaka 841, katika mji wa Uzès, kusini mwa nchi ambayo leo ni Ufaransa, mwanamke wa ukoo mkubwa alianza kumwandikia mwanawe kitabu cha dini. Kijana huyo, William, alikuwa ametimiza miaka 15 na alikuwa mbali, mikononi mwa mfalme. Kwa mama yake Dhuoda, kitabu ndiyo njia ya malezi iliyobaki.

Dhuoda aliolewa tarehe 29 Juni 824 katika kasri la Aachen. Mumewe, Bernard, jamaa wa Karolo Mkuu, alikuja kuwa mtawala wa eneo la Septimania na mtu mzito barazani kwa Mfalme Louis. Maadui wakamzushia kuwa ana uhusiano na malkia. Louis alipofariki mwaka 840, wanawe waligombania urithi wa dola, na Juni 841 wakapigana huko Fontenoy. Bernard alikaa kando akingoja kuona nani atashinda. Mmoja wao, Charles, aliyeitwa Kipara, aliposhinda pamoja na nduguye, Bernard akamtoa William awe dhamana ya utii wake.

Machi mwaka huohuo Dhuoda alikuwa amejifungua mtoto mwingine wa kiume. Baba akaagiza aletwe kwake kabla hajabatizwa, hata mama akawa anaandika bila kujua mwanawe huyo amepewa jina gani.

Kitabu alikianza tarehe 30 Novemba 841, akakimaliza Februari 843. Kimeandikwa kwa Kilatini, kimejaa Zaburi na mafundisho ya Mtakatifu Augustino. Herufi za mwanzo katika shairi la kufungulia, zikisomwa kutoka juu kwenda chini, zinamtaja Dhuoda akimsalimu mwanawe na kumhimiza asome. Anamfundisha sala za kila siku, anampa orodha ya marehemu wa ukoo wa kuombewa, na anamsihi amsomeshe mdogo wake kitabu hichohicho. Hafichi shida za nyumbani pia. Ili kulinda mambo ya mumewe, amekopa kwa Wakristo na Wayahudi, na deni likibaki baada yake, William alilipe.

Kuhusu utii, ameweka mpango: Mungu kwanza, kisha baba, ndipo mfalme. Kumtanguliza baba mbele ya mfalme, kwa kijana anayeishi chini ya mfalme huyo, kulikuwa na hatari yake. Mwaka 844 Charles alimuua Bernard kwa kosa la uhaini. William akaasi, akaiteka Barcelona mwaka 848, na miaka miwili baadaye akakamatwa na kuuawa hukohuko.

Maneno ya mama yaliwazidi umri baba na mwana. Nakala moja ya kitabu, iliyoandikwa karne ya 14, imehifadhiwa Barcelona, mji aliouawa William. Nyingine iko Paris. Zama zile waandishi wengi walikuwa watawa na maaskofu, na vita vilisimuliwa na wale waliovipigana au kuvibariki. Dhuoda anatuonyesha upande wa pili: mke anayebeba madeni ya mumewe, na mzazi ambaye watoto wake wamegeuzwa mali ya kufanyia mapatano. Hakuna mwandishi mwingine wa wakati wake aliyemtaja. Yote tunayoyajua juu yake, hata tarehe ya ndoa yake, aliyaandika mwenyewe.